Kompyuta ya gemu, mteja wa miaka kumi: Vipuri vinavyotoka Kikuubo kuvuka mipaka

KAMPALA. Kikuubo kwa Kiganda ni kichochoro, na jina hilo bado linalingana na mahali penyewe. Ni njia nyembamba katika mji wa chini wa Kampala, jirani na vituo vya teksi na mtaro wa Nakivubo, ambamo sukari, sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia na madaftari huuzwa kwa katoni na kwa gunia. Mfanyabiashara anayetoka Juba, Goma au Kigali akifika hapa huwa na orodha yake mkononi. Lakini katika majengo ya maduka ya ghorofa yaliyo umbali wa kutembea kutoka kichochoro hicho, kuna bidhaa nyingine inayoweza kuingia kwenye mzigo huo huo bila kuongeza uzito wa kuhesabika: vipuri vya kompyuta za gemu.

Ukiilinganisha na sukari au sabuni, hii ni biashara ndogo. Hata hivyo, ina tabia ambayo bidhaa nyingi za jumla hazina. Mteja wa kompyuta ya ofisi hununua mara moja, akaondoka nayo. Kijana anayejijengea kompyuta ya gemu nyumbani hununua kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Mwaka huu anaongeza RAM, mwaka ujao anabadilisha diski, baada ya hapo anatafuta kadi ya grafiki, kisha prosesa. Mteja wa namna hiyo anaweza kurudi kwa muuzaji mmoja kwa miaka kumi.

Faida ya biashara hii inategemea jibu la swali moja: mashine aliyonayo mteja itapokea kipuri kipi, na itakataa kipi? Anayelijua jibu ana mteja wa kudumu. Asiyelijua anavusha mpaka mzigo ambao hautamwacha na kitu.

Mzigo mwepesi, hatari nzito

Faida ya kwanza inaonekana kwa macho. Vipande kumi vya RAM huenea kwenye mfuko wa koti. Diski tano za SSD hazizidi ukubwa wa kitabu kidogo. Kwa mtu anayelipia nafasi kwenye basi au lori, thamani kubwa katika uzito mdogo ni jambo la kufurahisha.

Hatari inajificha kwenye umri. Katoni ya sabuni iliyokaa stoo mwaka mzima bado ni sabuni. Kipuri cha kompyuta huzeeka hata kama hakijatolewa kwenye boksi, kwa sababu kampuni zinazotengeneza prosesa hubadilisha soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipuri vyote.

Mpaka wa Katuna na Gatuna unatoa somo la wazi. Njia hiyo kati ya Uganda na Rwanda ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa tena Januari 31, 2022. Ndani ya muda huo Intel ilihama kutoka soketi ya LGA1151 kwenda LGA1200 mwaka 2020, kisha ikahamia LGA1700 mwishoni mwa 2021. Yeyote aliyekuwa ameweka mazabodi za LGA1151 akisubiri wateja wa Kigali, njia ilipofunguka alijikuta vizazi viwili nyuma. Bidhaa hiyo haikufa, kwa sababu bado kuna watu wenye mashine za zamani wanaohitaji mbadala wa ubao ulioungua. Lakini kuanzia hapo inauzwa kwa bei ya mtumba, hata kama boksi halijafunguliwa.

Bei huweza pia kwenda upande wa pili. Mwishoni mwa 2025 RAM zilipanda bei kwa kasi duniani baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Hivyo bei ya mwezi uliopita si msingi wa kumwahidi mteja aliye upande wa pili wa mpaka. Ahadi ya bei itolewe baada ya kuuliza dukani siku hiyo hiyo.

Safari huanza na mtumba wa ofisi

Katika miji mingi ya ukanda huu, kompyuta ya gemu huanza kama mtumba wa ofisi. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, huingia kwenye njia za biashara zinazopitia Dubai na kufika Afrika Mashariki. Mashine hizo ni imara na bei yake inavumilika. Kinachokosekana ni nguvu ya picha, kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya barua na hesabu.

Hapo ndipo ngazi ya kwanza ya kuboresha inapoanza, na kwa kawaida ni RAM. Chukua mfano wa Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015. Watengenezaji wake walitaja RAM ya GB 4 kama kiwango cha chini na GB 8 kama kiwango kinachopendekezwa. Kijana mwenye mashine ya GB 4 huona tofauti mara moja anapoongeza kipande kimoja.

Ngazi ya pili ni kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Hatua hii huifanya mashine yote ionekane mpya, hata kwa asiyecheza gemu. Kwa anayecheza, imeanza kuwa lazima: Starfield, iliyotoka Septemba 2023, iliweka SSD kwenye masharti yake ya chini kabisa.

Ngazi ya tatu ni kadi ya grafiki, na hapa muuzaji asiyejua huanza kupoteza fedha. Pawa saplai ya mashine ya ofisi ni ndogo na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Ndiyo sababu kadi kama GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zimekuwa na soko refu kuliko umri wake: matoleo yake mengi hula umeme usiozidi wati 75, kiasi ambacho mazabodi yenyewe inaweza kutoa. Lakini yapo matoleo ya kadi hizo hizo yenye tundu la waya wa ziada, na hayo hayatamfaa mwenye mashine ya ofisi. Zipo pia kompyuta za ofisi zenye kasha jembamba, ambazo hupokea kadi fupi tu. Kadi ya urefu wa kawaida haitaingia hata ikilazimishwa.

Mtego mwingine uko kwenye pawa saplai yenyewe. Mteja anaweza kudhani atatoa ile ndogo na kuweka kubwa ya kawaida. Kwenye baadhi ya mashine hilo haliwezekani moja kwa moja. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia kichwa cha pini 8 kwenye mazabodi, wakati pawa saplai za kawaida za ATX zina kichwa cha pini 24. Bila waya maalumu wa kuunganisha, mzigo unarudi dukani.

Kinachobaki na kinachoondoka

Baada ya ngazi hizo tatu mteja hufika mwisho wa mashine ya ofisi. Hapo huamua kujenga yake mwenyewe, na ndipo anakuwa mteja wa miaka mingi. Si kila alichonunua hutupwa. Muuzaji mwenye maarifa humwonyesha kipi cha kugharamia leo kwa sababu kitabaki, na kipi cha kununua kwa bei nafuu kwa sababu kitaondoka.

Kasha hubaki. Vipimo vya ATX vilianzishwa na Intel mwaka 1995, na mazabodi nyingi za leo bado zinafuata matundu yale yale ya skrubu. Pawa saplai nzuri hubaki, mradi ina wati za kutosha na waya zinazohitajika. Monita, kibodi, kipanya na SSD hubaki. Kadi za grafiki pia huhama kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa sababu mlango wa PCI Express wa mazabodi mpya hupokea kadi za vizazi vya nyuma.

Vinavyoondoka pamoja ni vitatu: prosesa, mazabodi na RAM. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kipande limewekwa mahali tofauti makusudi. RAM ya laptopu ni fupi na haikai kwenye kompyuta ya mezani. RAM za seva, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia sana, hazifanyi kazi kwenye mazabodi nyingi za kawaida hata zinapoonekana kuingia sawasawa. Bei ya kuvutia isiyo na maelezo iwe sababu ya kuuliza zaidi.

Kwa prosesa, hatari kubwa ni namba zinazofanana. Soketi ya LGA1151 ilitoka mwaka 2015. Mwishoni mwa 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha nane zenye idadi ile ile ya pini, 1151, lakini zilihitaji mazabodi mpya za mfululizo wa 300. Prosesa ya kizazi cha nane ikiwekwa kwenye mazabodi ya 2015, inakaa vizuri na mashine haiwaki. Mfanyabiashara aliyesoma namba ya soketi peke yake amenunua prosesa halali na mazabodi halali, na vyote viwili vizima, lakini haviwezi kufanya kazi pamoja.

AMD ilifuata njia nyingine. Soketi yake ya AM4, iliyoanza mwaka 2016 na kupata umaarufu na prosesa za Ryzen mwaka 2017, imedumu kuliko ilivyotarajiwa. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 inaweza kukaa kwenye mazabodi nyingi zilizonunuliwa miaka mitano kabla, ikiwa BIOS, ile programu ya msingi ya ubao, imesasishwa. Hii ndiyo maana ya kuboresha kwa miaka: mtu alianza na Ryzen 5 1600, akabaki na ubao ule ule, RAM zile zile na kasha lile lile, akabadilisha kipande kimoja na kupata mashine mpya. Warithi wake, AM5 ya Septemba 2022, hutumia DDR5 peke yake, hivyo anayehamia huko hununua upya vile vitatu.

Kwa muuzaji, AM4 ina sharti moja. Asasishe BIOS kabla ya kumkabidhi mteja mazabodi, au amweleze wazi kwamba isiposasishwa prosesa mpya haitawaka. Kila kiwanda cha mazabodi huweka kwenye tovuti yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa na kila ubao. Kuisoma kunachukua dakika tano. Kurudisha mzigo kutoka Goma hadi Kampala kunachukua siku na kunakula nauli.

Kadi zilizochoka na kadi za uongo

Kadi ya grafiki ndicho kipuri cha bei kubwa, na ndicho chenye udanganyifu mwingi. Kati ya 2020 na 2022 kadi nyingi duniani zilinunuliwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, zikafanya kazi usiku na mchana. Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea kadi hizo, na wachimbaji wakaanza kuziuza. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana na dawa ya kupitisha joto imekauka. Bei yake lazima izingatie matengenezo hayo.

Mbaya zaidi ni kadi zilizobadilishwa jina. Kadi ya zamani sana huandikwa upya programu yake ili kompyuta iitambue kama GTX 1050 Ti. Inawaka, inaonyesha jina jipya, na inashindwa pindi gemu linapofunguliwa. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzigundua, na nyingi hutajwa wazi kuwa ni bandia. Kwa diski na kadi za kumbukumbu zinazodai ujazo mkubwa kuliko zilionao, programu ya H2testw hujaza nafasi yote na kusoma kilichoandikwa, na uongo hujulikana hapo hapo. CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi.

Utaratibu salama ni kudai kipuri kiwashwe dukani, gemu zito au jaribio la picha liendeshwe kwa nusu saa, na namba ya siri iliyo kwenye kipuri iandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa ameshamjibu mnunuzi swali lake.

Swichi ndogo nyekundu

Umeme wa Uganda ni volti 240, kama ulivyo Kenya kwa kiwango hicho hicho na kwa majirani wengine kwa kiwango kinachokaribiana. Mitumba inayotoka Marekani imetoka kwenye volti 120. Pawa saplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini za zamani zina swichi ndogo nyuma, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Ikichomekwa ikiwa bado kwenye 115, inapasuka papo hapo na inaweza kuharibu vipuri vingine. Swichi hiyo iangaliwe kabla ya mashine kufungwa kwenye boksi, si baada ya kufika kwa mteja.

Umeme unaopanda na kushuka ni adui mwingine. Mteja anayeomba ushauri wa kutumia fedha za mwaka huu, na anaishi mahali ambapo umeme hukatika ovyo, huenda akafaidika zaidi na pawa saplai nzuri na UPS kuliko kadi mpya. Ushauri huo unampa muuzaji faida ndogo leo, lakini mashine ya mteja inakuwa hai mwakani atakapotaka kadi.

Wimbi baada ya Oktoba 14, 2025

Siku hiyo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kimsingi prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Maana yake ni kwamba ofisi nyingi za nchi tajiri zina sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, hata kama bado ni nzima.

Kwa mfanyabiashara wa mtumba, hiyo ni neema na mtego kwa wakati mmoja. Mashine hizo zinaweza kupatikana kwa bei ya chini na zinaweza kuendesha gemu nyingi za miaka iliyopita. Lakini anayeziuza kama mashine za miaka kumi ijayo anamdanganya mteja. Prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea iwe na bei yake, na ya chini ya hapo iwe na bei yake, na tofauti itajwe kwa mdomo na kwa maandishi.

Mpakani

Chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zilizo katika fungu la 8471 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 0. Wapo wanaosikia sifuri wakadhani hakuna malipo wala karatasi. Kodi ya ongezeko la thamani ni jambo jingine: kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Uganda, Rwanda na Tanzania Bara, na asilimia 16 Kenya na Kongo. Mafungu pia hutofautiana ndani ya boksi moja. Vipuri vya kompyuta huangukia 8473, pawa saplai 8504, diski za SSD 8523 na monita 8528, fungu ambalo pia lina televisheni. Orodha inayosema tu "vifaa vya kompyuta" humwachia ofisa wa forodha aamue, na uamuzi wake huenda usiwe ule wa bei nafuu.

La kuzingatiwa zaidi na wachuuzi wadogo ni utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya. Cheti chake cha asili hutolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. RAM iliyotengenezwa Asia haiwi bidhaa ya Uganda kwa kununuliwa Kampala. Hata mzigo wa dola 300 wa vipuri unahitaji tamko la kawaida la forodha.

Risiti nayo ina kazi mbili. Mfumo wa risiti za kielektroniki wa Uganda, EFRIS, ulizua mgomo wa wafanyabiashara wa Kampala Aprili 2024, na malalamiko yao yalihusu gharama na ugumu wake. Kwa mnunuzi kutoka nje, hata hivyo, risiti hiyo ni ushahidi wa bei mbele ya forodha na ushahidi wa dhamana mbele ya duka. Dhamana yenyewe mara nyingi ni ya duka na haifuati mzigo hadi nchi nyingine. Anayenunua kwa ajili ya Juba au Bukavu akubaliane na duka mapema: kipuri kikifa, nani analipa nauli ya kukirudisha, na ndani ya siku ngapi?

Daftari la mashine

Wauza vipuri vya magari wanaijua siri hii zamani: hakuna anayeuza bampa bila kuuliza aina na mwaka wa gari. Kwa kompyuta, daftari dogo linatosha. Kila mteja aandikiwe jina la mazabodi, toleo la BIOS, aina ya RAM na nafasi zilizobaki, wati za pawa saplai na waya zake, na urefu wa kadi unaoingia kwenye kasha. Picha ya simu ya ndani ya kasha ihifadhiwe pamoja na maelezo hayo.

Mwenye daftari hilo akishuka Kampala kufuata sukari na sabuni, haji kubahatisha. Anajua kwamba mteja wa kwanza anataka GB 8 za DDR4, wa pili kadi isiyo na waya wa ziada, na wa tatu prosesa ya AM4 ambayo ubao wake tayari umesasishwa. Vipuri hivyo vitatu vimeshauzwa kabla basi halijaondoka, na hakuna hata kimoja kitakachobaki stoo kikisubiri soketi yake ipitwe na wakati.